Fedha za matajiri, chama cha Democratic na asasi za mazingira Marekani: tufungue hesabu

#1 (Mleta uzi)

Wanajukwaa, habari za wakati huu.

Kwa muda mrefu nimefuatilia humu mabishano kuhusu asasi za mazingira za Marekani. Wapo wanaosema kwamba asasi hizo ni tawi la chama cha Democratic linaloendeshwa kwa fedha za mabilionea wachache, na wapo wanaosema kwamba madai hayo yametungwa na makampuni ya mafuta ili kuwachafua watu wanaotetea hewa na maji. Mabishano hayo huishia kwa watu kutupiana majina, na hesabu hubaki zimefungwa. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: fedha za matajiri zipo, ni nyingi, na zimeegemea upande mmoja. Jambo linaloniuma mimi ni nafasi ya mwanachama wa kawaida, yule anayelipa ada yake kila mwaka akiamini kwamba sauti yake ina uzito, kumbe uamuzi umekwisha kufanyika kwenye chumba ambacho hakualikwa.

Anayedhani kwamba mazingira yalizaliwa yakiwa mali ya chama kimoja na arudi mwaka 1970. Rais aliyeunda Shirika la Hifadhi ya Mazingira la nchi hiyo, EPA, alikuwa Richard Nixon wa chama cha Republican. Sheria ya Hewa Safi ya mwaka huo ilipita katika Seneti kwa kura 73 bila hata moja ya kuipinga. Miaka ishirini baadaye, mwaka 1990, sheria hiyo ilipofanyiwa marekebisho makubwa chini ya George H. W. Bush, Seneti iliipitisha kwa kura 89 dhidi ya 11. Kisha angalieni Juni 2009, muswada wa kuweka ukomo wa hewa ukaa ulipofika katika Baraza la Wawakilishi: ulipita kwa kura 219 dhidi ya 212, na waliouunga mkono kutoka chama cha Republican walikuwa wanane tu. Mwaka uliofuata ulifia Seneti. Kati ya 1990 na 2009 kuna kitu kilivunjika, na fedha ni sehemu ya kilichokivunja, ingawa si peke yake.

Ili kuelewa jinsi fedha zinavyopita, inabidi turudi nyuma kidogo zaidi, kwenye kisa ambacho mimi hukihesabu kuwa chimbuko la mfumo wote. Tarehe 9 Juni 1966 chama cha Sierra Club, kilichoasisiwa na John Muir na wenzake mwaka 1892, kilinunua kurasa nzima katika magazeti ya New York Times na Washington Post kupinga mabwawa ambayo serikali ilitaka kuyajenga kwenye korongo la Grand Canyon. David Brower, mtendaji mkuu wa chama hicho, aliwataka wasomaji wakate vipande vya karatasi vilivyokuwa pembeni mwa tangazo na kuvituma kwa Rais, kwa waziri na kwa wabunge wao. Siku iliyofuata barua ya mamlaka ya kodi ilikuwa imekwisha kufika ofisini kwao San Francisco: michango kwa chama hicho huenda isipate tena msamaha wa kodi, kwa kuwa chama kimeingia katika kazi ya kushawishi Bunge. Hatimaye msamaha huo uliondolewa kweli. Wananchi walikasirika, wengi ambao hawakuwahi kufikiria kujiunga wakajiunga, na sheria ya mto Colorado iliyotiwa saini mwaka 1968 haikuwa na mabwawa yale.

Funzo ambalo wanasheria wa asasi walilichukua pale lilikuwa la kihesabu: usiweke mayai yote katika tenga moja la kodi. Ndiyo maana leo asasi kubwa ya mazingira Marekani huwa kama nyumba moja yenye milango mitatu. Mlango wa kwanza ni wa hisani: mfadhili anapata msamaha wa kodi, lakini fedha zake haziruhusiwi kumpigia kampeni mgombea yeyote. Mlango wa pili ni wa utetezi: hakuna msamaha wa kodi, lakini asasi inaweza kuunga mkono wagombea mradi hiyo isiwe kazi yake kuu, na jina la mfadhili halitangazwi kwa umma. Mlango wa tatu ni kamati ya uchaguzi, ambayo ni lazima iandikishe wafadhili wake kwa Tume ya Uchaguzi ya Shirikisho. Tazameni League of Conservation Voters, LCV, iliyoanzishwa mwaka 1970. Ina asasi mama ya utetezi, ina mfuko wa elimu wa hisani, na ina kamati ya uchaguzi iitwayo LCV Victory Fund. Sheria inaitaka milango hiyo itenganishwe kwa hesabu na kumbukumbu, na kwa kadiri ninavyojua hutenganishwa. Hata hivyo, waliomo ndani ni ndugu wa ukoo mmoja, na mlango wa pili unaweza kuupa fedha mlango wa tatu, ili kwenye daftari la Tume lionekane jina la asasi, na jina la tajiri libaki nyuma ya pazia.

Januari 2010 Mahakama ya Juu, kwa kura tano dhidi ya nne, iliamua katika shauri la Citizens United kwamba makampuni na vyama havizuiwi kutumia fedha zao kwa uhuru katika uchaguzi mradi visishirikiane na mgombea. Asasi nyingi za mazingira zililaani uamuzi huo, na baadhi yao zikautumia. Siwalaumu kwa kuutumia, kwa sababu mpinzani aliyepewa panga huwezi kumkabili kwa fimbo ya mwanzi; nataka tu tukubali kwamba waliutumia.

Aliyeutumia kwa wazi kuliko wote ni Tom Steyer. Huyu alijipatia utajiri kupitia kampuni ya uwekezaji ya Farallon aliyoianzisha mwaka 1986, akajitoa mwaka 2012, na mwaka 2013 akaanzisha NextGen Climate, asasi ya kisiasa ya kupigania hatua za tabianchi. Katika uchaguzi wa 2014 alitoa takriban dola milioni 74, akawa mfadhili mmoja mkubwa kuliko wote waliojulikana kwa majina mwaka huo. Alichagua vinyang'anyiro saba, vya useneta na ugavana. Wagombea wake wote saba walikuwa wa Democratic. Walishinda watatu, katika majimbo ya New Hampshire, Michigan na Pennsylvania. Wakashindwa wanne, Florida, Iowa, Colorado na Maine. Kibaya zaidi kwake, magazeti yalionyesha mwaka huo huo kwamba kampuni aliyoiongoza iliwahi kuwekeza katika makaa ya mawe ng'ambo, na wapinzani wake wakapata silaha ambayo hawakuigharamia.

Na jambo hilo halijakoma. Agosti 2024 asasi tatu, yaani matawi ya kisiasa ya LCV, ya Environmental Defense Fund na ya Climate Power, zilitangaza kampeni ya matangazo ya dola milioni 55 kumuunga mkono Kamala Harris katika majimbo yenye ushindani. Mtu anayesema asasi hizi hazina chama na asome tangazo hilo.

Karibuni tujadili kwa takwimu.

#2 (Mchangiaji)

Ndugu mleta uzi, nashukuru kwa uzi uliotulia, lakini umepima mzani kwa sahani moja. Dola milioni 55 au 74 ni fedha nyingi kwa mimi na wewe; weka pembeni yake kile ambacho mtandao wa akina Koch, ndugu mabilionea wenye biashara za mafuta, ulikitangaza Januari 2015, yaani mpango wa kutumia dola milioni 889 kwa mzunguko wa uchaguzi wa 2016. Mwanasosholojia Robert Brulle alichapisha mwaka 2018 hesabu ya fedha zilizotumika kushawishi Bunge kuhusu mabadiliko ya tabianchi kati ya mwaka 2000 na 2016. Jumla ilizidi dola bilioni mbili, na sekta za mafuta, makaa, usafirishaji na umeme zilizizidi kwa matumizi asasi za mazingira na makampuni ya nishati jadidifu kwa takriban kumi kwa moja. Kabla ya hapo, mwaka 2013, alikuwa amehesabu asasi 91 zinazopinga hatua za tabianchi, ambazo mapato yao kwa mwaka yalizidi dola milioni 900 kwa jumla, huku sehemu kubwa ya michango ikipitia mifuko inayoficha majina.

Halafu kuna ile ripoti ya Julai 2014 ambayo naamini ndiyo chanzo cha nusu ya maneno yanayosemwa humu, ripoti iliyoita wafadhili wa mazingira klabu ya mabilionea. Iliandikwa na wasaidizi wa maseneta wa Republican katika kamati ya mazingira, chini ya Seneta David Vitter wa Louisiana, jimbo ambalo mafuta ni uchumi wake. Mwaka 2024 Washington Post liliripoti kwamba Donald Trump, akiwa mezani na wakuu wa makampuni ya mafuta, aliwaomba wachange dola bilioni moja kwa kampeni yake. Ukitaka kuzungumzia matajiri wanaonunua sera, anzia hapo.

#3 (Mleta uzi)

Mkuu, takwimu zako nazikubali, isipokuwa naongeza tahadhari moja ambayo Brulle mwenyewe aliiweka: zile dola milioni 900 ni mapato yote ya asasi hizo, na nyingi kati yao hufanya pia kazi zisizohusu tabianchi hata kidogo. Kuhusu uwiano wa kumi kwa moja sina ubishi. Vitter naye alikuwa na sababu zake, na ripoti yake ilieleza mambo halali kana kwamba ni njama. Lakini kuwa mdogo kuliko mpinzani hakumfanyi mtu kuwa huru dhidi ya mfadhili wake. Kwa kweli, asasi yenye njaa ndiyo rahisi zaidi kushikwa mkono.

Narudi kwa Sierra Club, kwa sababu ni chama chenye wanachama wanaopiga kura, na visa vyake vitatu vinaonyesha ninachokisema kuliko takwimu yoyote.

Kisa cha kwanza kinamhusu David Gelbaum, mwanahisabati aliyetajirika katika uwekezaji. Alikipa chama hicho zaidi ya dola milioni 100. Mwaka 2004 gazeti la Los Angeles Times lilieleza, kwa maneno yake mwenyewe, kwamba katikati ya miaka ya tisini alimwambia mtendaji mkuu Carl Pope kuwa chama kikichukua msimamo wa kupinga wahamiaji, hakitapata kutoka kwake hata dola moja. Mwaka 1996 bodi iliamua kutokuwa na upande kuhusu uhamiaji, na mwaka 1998 wanachama wakapiga kura na wengi wakakubali hivyo. Mimi binafsi naona uamuzi ule ulikuwa sahihi, na wanachama waliufikia kwa kura zao. Hata hivyo waliingia kwenye kura ile bila kuambiwa kwamba kulikuwa na sharti la fedha juu ya meza. Uamuzi sahihi uliofichwa sharti lake bado ni dharau kwa mpiga kura.

Kisa cha pili ni kichungu zaidi. Kati ya 2007 na 2010 chama hicho hicho kilipokea zaidi ya dola milioni 25 kutoka sekta ya gesi, sehemu kubwa kutoka kwa Aubrey McClendon wa kampuni ya Chesapeake Energy, ili kugharamia kampeni dhidi ya makaa ya mawe. Ninyi mnaofanya biashara mnaelewa mara moja: makaa yakianguka, gesi inauzika. Wakati huo huo matawi ya chama kule Pennsylvania na New York yalikuwa yakipambana na visima vya gesi karibu na vyanzo vya maji vya watu, na hayakujua kwamba makao makuu yanalishwa na mchimbaji. Michael Brune alipochukua uongozi mwaka 2010 alizikata fedha hizo na kukataa nyingine zilizokuwa zinakuja. Umma ulipata habari Februari 2012, na si kwa chama kujitangaza mapema.

Kisa cha tatu kina sura nyingine. Julai 2011 Michael Bloomberg, bilionea aliyekuwa meya wa New York wakati huo, alisimama kwenye mashua katika mto Potomac, nyuma yake kukiwa na mtambo wa umeme wa makaa wa Alexandria, akatangaza dola milioni 50 kwa kampeni ile ile ya makaa. Aliyetoa alijulikana, kiasi kilijulikana, kazi ilijulikana, na mtambo ule ulizimwa mwaka uliofuata. Sehemu kubwa ya mitambo ya makaa nchini humo imefungwa tangu wakati huo au imepangiwa kufungwa, ingawa haki inadai niseme kwamba bei ya chini ya gesi ilifanya kazi kubwa sana katika hilo. Bloomberg si malaika, na amekuwa mwanachama wa Democratic, kisha wa Republican, kisha asiye na chama, kisha akarudi Democratic. Lakini mwanachama wa Sierra Club aliweza kuuliza swali kuhusu fedha zake, kwa sababu alijua zipo.

Na kuna hasara nyingine, isiyoonekana kwenye vitabu vya hesabu. Mwaka 2013 profesa Theda Skocpol wa Harvard aliandika uchambuzi mrefu kuhusu kwa nini muswada wa 2009 ulikufa. Alieleza kwamba asasi kubwa, zikiungwa mkono na wafadhili wao, zilijenga makubaliano Washington pamoja na wakuu wa makampuni, zikaamini kwamba mapatano ya wakubwa yatatosha, na hazikujenga nguvu ya wananchi katika majimbo. Upande wa pili ulikuwa umejaza mikutano ya hadhara. Fedha za mtu mmoja mwenye haraka hununua matangazo na wataalamu; hazinunui mkutano wa jioni katika ukumbi wa kanisa huko Iowa, ambako mkulima angeelezwa na jirani yake anayemwamini.

#4 (Mchangiaji)

Wakuu, nachangia kutokea upande wa waliopokea. Nilifanya kazi miaka sita katika asasi ndogo ya mazingira huku Tanga. Mfadhili wetu, ambaye sitamtaja, alitulipia kitalu na upandaji wa mikoko pamoja na kamati ya kijiji. Mwaka wa nne barua pepe ilifika kwamba kipaumbele cha bodi yao kimehamia kwenye masoko ya hewa ukaa. Hakuna aliyekuja kuiangalia mikoko. Tuliwaita akina mama waliokuwa wakitunza kitalu, tukawaambia hakuna posho tena, na mmoja akauliza: kwani bahari nayo imehama? Sikuwa na jibu.

Lakini nina hofu na uzi huu. Hapa kwetu hoja ya fedha za wafadhili hugeuzwa rungu. Anayehoji bomba la mafuta la kutoka Hoima hadi Chongoleani, la kilomita 1,443, huambiwa ametumwa na mabeberu, na mazungumzo huishia hapo. Uganda ilisimamisha asasi 54 kwa mpigo Agosti 2021, na mojawapo ilikuwa AFIEGO, ambayo ilikuwa ikiwatetea wenye mashamba yaliyopitiwa na bomba hilo. Je, hamuoni kwamba mnawapa watawala maneno ya kutumia?

#5 (Mleta uzi)

Hofu yako naielewa, na kisa cha akina mama wa kitalu kimenigusa. Jibu langu ni kwamba tuhuma hufa mahali penye karatasi, na hustawi mahali pasipo nayo. Mfano uliotoa unafaa. Shirika la 350.org, lililoshiriki kampeni ya kimataifa dhidi ya bomba hilo, limewahi kupokea fedha za Rockefeller Brothers Fund, wakfu wa ukoo uliotajirikia mafuta ya Standard Oil na ambao Septemba 2014 ulitangaza kuondoa uwekezaji wake katika nishati za visukuku. Hilo linajulikana kwa sababu wakfu huo huorodhesha ruzuku zake. Ukishajua, unaweza kurudi kwenye swali lenyewe: je, mwenye shamba Hoima alilipwa fidia ya haki na kwa wakati? Shamba lile halibadiliki ukubwa kwa sababu ya jina la mfadhili wa mtetezi wake.

Kwa wanaotaka kujisomea, asasi ya Marekani isiyolipa kodi hujaza kila mwaka fomu iitwayo 990, na nakala yake hupatikana bure mtandaoni. Ukurasa wa kwanza utakupa jumla ya mapato na matumizi. Msikomee hapo. Jedwali C linaeleza shughuli za kisiasa na za kushawishi Bunge. Jedwali I linaorodhesha asasi nyingine zilizopewa ruzuku, moja moja, kwa jina na kiasi, na hapa ndipo mtu anapoweza kuifuata fedha kutoka mfuko hadi mfuko. Kisha fungueni Jedwali B, la wachangiaji wakubwa. Mtakuta kiasi, halafu mahali pa jina ni patupu. Tangu kanuni ya Mei 2020, asasi za mlango wa pili hazilazimiki kuipa hata mamlaka ya kodi yenyewe majina hayo.

Kwa njia hiyo ndiyo tunajua kuhusu Hansjörg Wyss, raia wa Uswisi anayeishi Wyoming, aliyeahidi mwaka 2018 dola bilioni moja kwa hifadhi ya ardhi na bahari duniani. Sheria inawakataza wasio raia na wasio na ukaazi wa kudumu kuchangia wagombea. Asasi yake ya utetezi, Berger Action Fund, imetoa mamia ya mamilioni ya dola kwa asasi za mrengo wa kushoto, hasa Sixteen Thirty Fund, ambayo mwaka 2020 peke yake ilitumia takriban dola milioni 410 kwa mambo mengi, mazingira yakiwa mojawapo. Wasemaji wake wanasema fedha zake zimefungwa masharti zisiingie kwenye uchaguzi, na hakuna aliyethibitisha kinyume. Lakini fedha zikishaingia katika chungu kimoja na za wengine, sharti hilo huachia za wengine nafasi ya kwenda kwenye kampeni. Mwananchi anayetaka kulikagua hilo hana jedwali la kulifungua. Hapo ndipo ninapogombana na watu ambao kwa mengine naafikiana nao.

#6 (Mchangiaji)

Swali fupi, mleta uzi. Je, asasi hizi hazijawahi kumuunga mkono mtu wa Republican?

#7 (Mleta uzi)

Zimewahi, na nashukuru umeuliza. Mwaka 2006 Sierra Club na LCV zilimuunga mkono Seneta Lincoln Chafee wa Rhode Island, aliyekuwa Republican, dhidi ya mpinzani wa Democratic. Alishindwa, na baadaye akakihama chama chake. Mwaka 2014 LCV ilimuunga mkono Seneta Susan Collins wa Maine. Desemba 2017 Collins alipiga kura ya ndiyo kwa sheria ya kodi iliyofungua hifadhi ya wanyamapori ya Aktiki, kule Alaska, kwa uchimbaji wa mafuta. Uchaguzi wa 2020 ulipofika, LCV ilisimama na mpinzani wake, Sara Gideon, na ikatumia fedha kumwangusha Collins. Yeye akashinda, akarudi Seneti bila kuwa na deni lolote kwao.